Njia Isiyo na Salamu

Usi alikuwa mtu wa vipimo. Kazi yake ufundi wa mafriji na viyoyozi, na fundi wa viyoyozi asiyejua kupima gesi ni mharibifu tu, hata akitembea na mkoba mzito kiasi gani. Mahoteli ya Shangani yalimjua kwa tabia hiyo: haondoki mpaka mshale wa kipimo ukae pale anapotaka yeye. Kwa hiyo siku daktari alipomwambia kwamba presha imepanda, tumbo limemtangulia, na lazima sasa afanye mazoezi, Usi hakuuliza mazoezi gani. Aliuliza kiasi gani.

Hilo ndilo lililomwingiza kwenye ramani. Alianza kukimbia kama wanavyoanza watu wote wa makamo, yaani kwa aibu na viatu vipya, lakini baada ya siku chache alitaka kujua amefika umbali gani. Rafiki yake Haitham, mkimbiaji wa siku nyingi, akamwekea programu ya ramani kwenye simu. Tangu hapo, kila akimaliza kula chakula cha jioni, Usi alijilaza kwenye mkeka, akaweka kidole juu ya nyumba yake ya Malindi, akakiburura. Mstari wa buluu ulikifuata kidole, ukajipinda barabara inapojipinda, na pembeni simu ikamwandikia umbali. Akiiona njia fupi, aliivuta mpaka Kilimani. Akiiona ndefu, aliirudisha Mnazi Mmoja. Mkewe, Fathiya, alikuwa akimtazama huku anakunja nguo za watoto.

"Mume wangu hodari," alisema. "Kidole chake hakijapata presha hata siku moja."

Usi alicheka, na asubuhi akaamka akaukimbia kweli ule mstari. Sifa yake ilikuwa hiyo: alichokipanga alikifanya. Ingekuwa heri angekuwa mvivu kidogo.

Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya watu wanaokimbia. Vichochoro vyake vina mabaraza kila upande, kwenye mabaraza wapo watu, na watu wana haki yao. Anayepita humsalimu aliyekaa. Mdogo humwamkia mkubwa, na shikamoo hairushwi juu kwa juu. Mtu husimama, hutoa mkono, huulizwa ya nyumbani kwake na yeye huuliza ya nyumbani kwao. Anayekimbia huku akipiga kelele "shikamoo, shikamoo" kulia na kushoto hana tofauti na asiyesalimu, na pengine amezidi kwa ubaya, maana asiyesalimu anaweza kudhaniwa hajaona.

Katika mabaraza yote hayo, lilikuwapo moja la Sokomuhogo ambalo Usi hakuweza kulipita hata angefumba macho. Hapo alikaa mamkubwa wake, Bi Mayasa. Mama yake Usi alifariki Usi hajaota meno, na Bi Mayasa, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyemchukua akamlea pamoja na binti yake Rukaiya. Alivyowalea, mgeni hakuweza kujua yupi wa kuzaa na yupi wa kulea, na Usi mwenyewe hakuwahi kumwita jina jengine ila mama. Sasa Rukaiya ameolewa Chukwani, mume wa Bi Mayasa ametangulia mbele ya haki, na bibi amebaki na nyumba yenye ngazi nyingi na paka mwenye jicho moja. Kila akimaliza sala ya alfajiri na nyiradi zake, alitoka barazani na ukili wake wa kusukia mikeka, akakaa kumngoja Usi.

Maana njia ya kwanza aliyoichora Usi ilipita hapo kwa makusudi. Malindi, Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, kisha Vuga na kuteremkia Mnazi Mmoja. Alimwambia Fathiya kwa majivuno, "Nnapata afya na radhi kwa safari moja."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

"Fathiya hajambo? Na watoto? Yule mdogo kikohozi kimemwacha?"

"Kimemwacha, alhamdulillahi."

"Na mama mkwe wako, mguu wake? Hebu inama nikufute, unachuruzika jasho utadhani umetoka kuiba."

Akamfuta uso kwa ncha ya kanga, akamsomea dua, akampulizia, ndipo akamwachia. Siku zile za mwanzo Usi alikipenda kituo kile, kwa sababu pumzi zilikuwa zinamwisha hapo hapo, na hakuna aibu kusimama ikiwa umesimamishwa na mzazi.

Tatizo la mazoezi ni kwamba yanafaa. Tumbo likarudi nyuma, presha ikashuka, pumzi zikatosha. Na Usi, aliyeanza kukimbia kwa ajili ya roho yake, akawa anakimbia kwa ajili ya saa. Haitham alimtia kwenye kikundi chao cha mazoezi, na kikundi kilikuwa kinajiandaa kwa mashindano ya mji. Usi akajiwekea sharti: kilomita kumi, ndani ya saa moja. Kila akiitazama simu baada ya kukimbia, aliona dosari ni moja tu. Mstari wake ulikwenda vizuri mpaka Sokomuhogo. Hapo ukajikunja ukawa fundo, kwa sababu simu, iliyobanwa na zile kuta ndefu, ilimdhania anarukaruka juu ya mapaa ya watu, kumbe amesimama anaulizwa mguu wa mama mkwe.

Angeweza kuisimamisha saa, na alijaribu. Lakini mwili uliokwisha kupoa haukubali tena kuamshwa, na kila akiondoka pale barazani miguu ilikuwa kama ya mtu mwengine.

"Yakhe, siku ya mashindano hakuna atakayekufuta jasho," Haitham alimwambia. "Tafuta njia nyengine."

Jioni ile Usi aliifuta njia ya Sokomuhogo akaanza upya. Kidole kilitoka Malindi, kikafika karibu na Hurumzi, kikasita. Kisha akakivutia pwani: Mizingani, Forodhani, Shangani, akauzunguka mji kwa nje mpaka Vuga. Umbali ulitoka ule ule, na akafurahi kama mtu aliyefumbua fumbo. Akajiambia maneno ya kweli na mazuri: kwamba sasa atakwenda kumtazama mama jioni, kwa utulivu, akae naye kitako badala ya kumsalimu huku anahema. Nani angempinga? Tunapojidanganya, aghalabu tunajidanganya kwa adabu.

Fathiya alichungulia simu. "Na mama je?"

"Simu inapotea kule vichochoroni," Usi alijibu. "Haipimi sawasawa."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimfaa.

Asubuhi ya pili yake aliikimbia njia mpya bila ya kusimamishwa na mtu. Upepo wa bahari ulimpiga usoni, wavuvi walikuwa na kazi zao, na wahudumu wa mahoteli walikuwa wakifagia bila kuinua macho. Saa ilimpa jibu zuri kuliko siku zote. Programu ikamtaka aipe njia ile jina ili iihifadhi, na Usi, kwa furaha na mzaha, akaandika "Njia Isiyo na Salamu", akawatumia wenzake wa kikundi. Walicheka kutwa nzima, kwa sababu kila mmoja alikuwa na baraza lake analolikwepa: mmoja ana ami yake mwenye hadithi ndefu, mwengine mkwewe, mwengine mwalimu wake wa chuoni ambaye mpaka leo humuuliza amehifadhi juzuu ngapi. Muda si muda kikundi kizima kikawa kinapita huko.

Wiki za mwanzo Usi alikwenda kweli Sokomuhogo jioni. Kisha msimu wa wageni ukaingia, viyoyozi vikaharibika kwa mpigo, akawa anarudi nyumbani hoi. Sikukuu alikwenda pamoja na mkewe na watoto, wakakaa kidogo, na simu yake haikuacha kuita. Bi Mayasa hakulalamika. Hakuwa mtu wa kulalamika, na ubaya wa watu wa namna hiyo ni kwamba hujui umewaumiza mpaka jeraha limeshakauka.

Fathiya ndiye aliyekuwa akimpitia mara kwa mara, na siku moja akarudi na maneno.

"Mama kaniuliza tena habari zako. Anasema kama kuna neno alilolisema likakuudhi, umsamehe."

"Neno gani? Mwambie sina lolote. Nimo kwenye mazoezi tu."

"Mwambie wewe. Kila asubuhi anakaa pale mpaka jua limpige. Majirani wanamwambia aingie ndani, anasema bado kidogo."

Tusimsingizie, maneno yale yalimchoma. Usi si mtu mbaya. Alinuia kwenda kesho yake, tena asubuhi, tena kwa njia ya zamani. Lakini mashindano yalikuwa yamekaribia, na akaona ni afadhali yaishe kwanza, kisha aende akae kutwa, ale huko, alale hata usingizi wa mchana kwenye kile kitanda alichokulia. Akamwambia Fathiya hivyo. Fathiya akachukua nguo zake akaenda kuzipiga pasi.

Siku ya mashindano Usi alikimbia kama hajawahi kukimbia. Alimaliza ndani ya saa moja, kwa tofauti ndogo hata ikabidi aitazame saa mara mbili. Wakamvisha medali, akajitupa chini kwenye majani ya Forodhani, na Haitham akaja kukaa ubavuni mwake na chupa ya maji. Haitham ni mtu mwema asiye na hila hata ya kuazima. Kasoro yake ni ulimi, ambao haupigi hodi.

"Juzi nlipita kwa mamkubwa wako kuchukua mkeka wa mama," alisema. "Akaniuliza, Usi anaumwa? Nkamwambia aumwe wapi! Usi mzima kama farasi. Nkamfungulia simu nkamwonesha."

"Ukamwonesha nini?"

"Njia yetu. Kafurahi wee. Akawa ananiuliza, hapa wapi, na hapa wapi? Nkamwonesha Malindi, Forodhani, Shangani. Akasema, na mie niko wapi? Nkamwonesha Sokomuhogo, ile pale katikati. Akasema, mbona mstari umezunguka? Nkamwambia, si ndo ujanja wenyewe huo, Bi Mayasa. Kwako tungechelewa."

Haitham alikuwa anacheka. Usi alikaa sawa.

"Akasema nini?"

"Kasema ahsante, mwanangu. Akaukunja mkeka akanipa."

"Na lile jina? Ulimsomea jina la njia?"

"Nimsomee nini, yakhe? Kusoma anajua."

Usi hakungoja picha ya pamoja. Alikwenda Sokomuhogo na miguu ile ile iliyochoka, medali mkononi, akipanga maneno. Atasema ulikuwa mzaha. Atasema jina lile aliliandika bila kufikiri. Atasema ni mambo ya wanaume wakikaa pamoja. Kila neno alilolishika lilimponyoka kabla hajafika kona ya pili. Alipopinda akamwona amekaa pale pale, moyo ukamtulia kidogo, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuogopa kwamba atakuta mlango umefungwa.

Bi Mayasa naye alimwona. Zamani angemwita tangu kwa mbali. Mara hii alifanya jambo dogo tu: alivuta miguu yake, akaikunja karibu na ukuta, na ukili wake akauweka upande, ili njia iwe wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Haya, pita, usije ukachelewa."

"Nshamaliza, mama. Leo sina haraka. Nimekuja kukuona wewe."

"Nshakuona. Mwili umepungua, mashaallah, umependeza. Haya, nenda."

Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja Usi nguvu. Aliitafuta hasira katika uso wake, hata chembe, ili apate pa kuanzia kuomba radhi, asiione. Akakaa barazani bila ya kukaribishwa. Akangoja kuulizwa habari za Fathiya, asiulizwe. Za watoto, asiulizwe. Basi akazitoa mwenyewe moja baada ya moja: Fathiya hajambo, mdogo ameanza chuo cha Kurani, mama mkwe mguu umepona. Kwa kila habari Bi Mayasa aliitikia "alhamdulillahi" na mikono yake ikaendelea kusuka. Jasho lilikuwa linamchuruzika Usi mpaka machoni. Hakuna aliyemwambia ainame.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mtu na shughuli zake. Mie ndo sikujua kama nnakuchelewesha. Ungenambia tu, mwanangu. Ningekuwa nakupungia mkono."

Watu husema majuto ni mjukuu, na mwenye kuyasema mara nyingi ni yule ambaye hajayapata. Usi aliyapata siku ile, mchana kweupe, na medali yake imekaa juu ya sakafu ya baraza kati yao wawili. Alipoondoka aliisahau, na jioni Bi Mayasa akamtuma jirani aipeleke Malindi.

Njia ile aliifuta kwenye simu yake usiku huo huo. Haikusaidia, kwa sababu ilikuwa imeshaenea kwenye simu za wenzake, na mpaka leo wapo wanaoikimbia kwa jina lile lile bila ya kujua nani aliichora. Yeye alirudi kwenye vichochoro. Kila asubuhi alipita Sokomuhogo, na kila asubuhi Bi Mayasa alivuta miguu yake ndani akamjibu kwa ufupi, kama mtu anavyompa njia mchukuzi mwenye mzigo kichwani. Usi alisimama, alikaa, alileta mikate ya boflo ya moto, alileta watoto. Watoto waliulizwa kila kitu. Yeye aliambiwa asichelewe.

Kisha magoti ya Bi Mayasa yakashindwa na zile ngazi, Rukaiya akaja akamchukua Chukwani. Usi akachora njia mpya, ndefu kuliko zote, ya kutoka Malindi mpaka mlangoni kwa Rukaiya, akawa anaikimbia kila Jumapili. Haangalii tena saa. Anafika, anatoa shikamoo, anaitikiwa, na kabla hajakaa anasikia, "Rukaiya, mpe maji ndugu yako, huyu yumo njiani." Siku moja alimvuta Rukaiya pembeni ya nyumba.

"Mwambie anikalishe," alimwomba. "Anigombeze, anitukane, lakini anikalishe."

"Nshamwambia," Rukaiya alisema. "Hana kinyongo na wewe, wallahi. Anasema mtoto hafiki kuchora ramani kumkwepa mzazi ila awe amechoshwa sana. Anakuonea huruma. Anasema hataki kukuchosha tena."

Usi alirudi mjini kwa kutembea. Kinyongo kina dawa, watu hukaa wakasuluhishwa, wazee wakaingia kati, mambo yakaisha. Huruma ile aliyokuwa akionewa hakujua aipeleke kwa nani. Alijaribu kukumbuka asubuhi ya mwisho aliyofutwa uso, ilikuwa siku gani na aliulizwa nini, asikumbuke, kwa sababu siku hiyo alikuwa anaiwaza saa.

Ijumaa iliyofuata alifunga kazi mapema. Simu alimwachia Fathiya nyumbani. Akavaa kanzu na kofia, akaenda kusali Ijumaa huko huko Chukwani, na baada ya sala akatembea pole pole mpaka kwa Rukaiya, hana jasho, hana viatu vya mbio, hana chochote cha kumfanya mtu adhani ana pa kwenda. Bi Mayasa alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka, ameegemea mto. Usi akamwamkia, akambusu mkono, akakaa karibu yake. Akavua kofia akaiweka pembeni. Akanyoosha miguu, makusudi, ili aonekane amekuja kukaa.

Bi Mayasa alimtazama kwa muda mrefu, kanzu mpaka miguu. Usi akaona midomo yake inafunguka kama ya mtu anayetaka kuuliza jambo, na akajitayarisha kujibu kila kitu, Fathiya, watoto, mguu, kikohozi, hata visivyoulizwa.

"Kanzu imekukaa vizuri," Bi Mayasa alisema. Kisha akageuza shingo upande wa jikoni. "Rukaiya! Fanya hima, mwanangu. Ndugu yako asikae."

Rukaiya akatoka na biriani ya Ijumaa. Ilikuwa imeshapakuliwa kwenye bakuli la mfuniko, limefungwa kitambaa kwa juu, tayari kwa kubebwa.